Kesi ya Uhaini ya Watu Kumi na Wanane na Swali Ililotuachia



Kamati ya jarida letu imeniomba niandike kipande cha historia, na imeniachia mwenyewe nichague mada. Nimechagua kuandika juu ya viongozi wa siasa wa Visiwani waliofikishwa mahakamani, na hasa ile kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1997 na kumalizika mwaka 2000. Sababu ni kwamba vitabu vya historia tulivyosomea vilikuwa vikitufikisha hadi Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 na Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka huo huo, kisha mwalimu akifunga kitabu. Yaliyofuata tuliyapata barzani, na barza ina wenyewe: kila mmoja husimulia upande aupendao.

Jambo la pili ni kwamba neno “uhaini” limerudi vinywani mwa watu. Mwezi Aprili 2025, kiongozi wa Chadema, Ndugu Tundu Lissu, alipofikishwa mahakamani Dar es Salaam kwa mashitaka hayo, vijana wengi waliuliza neno hilo lina maana gani na kama limewahi kutumika kwetu. Limewahi, tena zaidi ya mara moja. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na mtumishi wa Serikali hapandi jukwaani. Sitamhukumu mtu humu. Nitaeleza yaliyotokea kwa kadiri ninavyoyajua, kisha nitasema tunajifunza nini.

UHAINI NI KOSA LA NAMNA GANI

Makosa mengi katika sheria ni ya mtu na mtu. Mtu akiiba karafuu za jirani yake, aliyekosewa ni jirani, na Serikali humshitaki mwizi kwa niaba ya jamii. Uhaini hauko hivyo. Hapa anayedaiwa kukosewa ni dola yenyewe. Kwa hiyo aliyekosewa, anayekamata, anayepeleleza na anayeshitaki wote wametoka nyumba moja. Kinachobaki kati yao na mshitakiwa ni hakimu na wakili tu. Na adhabu yake ni kifo.

Tena kosa hili halina dhamana. Mtu akishitakiwa kwa uhaini hubaki rumande mpaka kesi iishe, iwe mwezi mmoja au miaka mitatu. Nawaomba vijana waliweke jambo hili akilini, maana ndilo lililobeba uzito mkubwa katika kesi nitakayoieleza.

WALIOTANGULIA KIZIMBANI

Kushitakiwa kwa viongozi hakukuanza na serikali zetu. Waingereza walitumia mahakama sana. Kule Kenya, mwaka 1952, walimkamata Jomo Kenyatta na wenzake watano, wakawapeleka Kapenguria, mahali pa mbali, na mwezi Aprili 1953 wakahukumiwa kifungo cha miaka saba kwa kuongoza Mau Mau. Miaka kumi baadaye mfungwa yule alikuwa Waziri Mkuu wa Kenya. Huko Tanganyika, mwaka 1958, Mwalimu Nyerere mwenyewe alishitakiwa kwa kuwakashifu wakuu wawili wa wilaya katika gazeti dogo la TANU, akatiwa hatiani. Aliambiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende kifungoni miezi sita. Alilipa. Wakili D. N. Pritt kutoka Uingereza aliwatetea wote wawili, Kenyatta na Nyerere.

Hapa kwetu, Abdulrahman Mohamed Babu, aliyekuwa katibu mkuu wa chama cha Hizbu, alifungwa na Waingereza mwaka 1962 kwa uchochezi. Alikaa ndani miezi kumi na mitano. Alipotoka aliachana na Hizbu, akaunda chama cha Umma, na baada ya Mapinduzi akawa Waziri. Msisahau jina la Babu, kwani tutakutana naye tena kizimbani, ingawa hakuwapo mahakamani kwa mwili wake.

KESI YA 1973

Tarehe 7 Aprili 1972, Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, aliuawa kwa risasi katika makao makuu ya Afro-Shirazi Party, Kisiwandui. Aliyempiga risasi, Luteni Humud Mohamed Humud, alikufa pale pale. Watu wengi wakakamatwa, Unguja na Bara.

Mwezi Mei 1973 kesi ya uhaini ikafunguliwa mbele ya Jaji Mkuu Ali Haji Pandu. Washitakiwa walikuwa 81. Kumi na wanane kati yao, akiwamo Babu, walikuwa wamezuiliwa Bara, na Mwalimu Nyerere alikataa kuwapeleka Zanzibar. Wakashitakiwa bila ya kuwapo. Mawakili wa utetezi hawakuruhusiwa katika mahakama za Zanzibar wakati ule. Mwanasheria Mkuu, Wolfgang Dourado, ndiye aliyesimamia mashitaka, na washitakiwa walisimama peke yao. Hukumu ilitolewa mwezi Mei 1974. Zaidi ya watu thelathini walihukumiwa kufa, na Babu akiwa mmoja wao. Baadaye rufaa zilipunguza adhabu hizo. Babu hakupelekwa Zanzibar kamwe. Aliachiwa huko Bara mwaka 1978, akaenda kuishi ng’ambo, akafariki London mwaka 1996.

Kuuawa kwa Mzee Karume kulikuwa jinai kubwa, na nchi ilikuwa na haki ya kuwatafuta wahusika. Hilo halina ubishi. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza: katika watu 81, nani alihusika kweli na nani alichukuliwa kwa ujamaa au kwa chuki? Mahakama isiyokuwa na wakili haikuacha njia ya kulijibu swali hilo kwa uhakika. Hata yule aliyekuwa na hatia ya kweli, hukumu yake imebaki na doa, kwa sababu upande wa pili haukusikika ipasavyo.

Linganisheni na kesi ya uhaini iliyosikilizwa Dar es Salaam mwaka 1970. Walioshitakiwa walikuwa saba, akiwamo Bibi Titi Mohamed, mama aliyewakusanya wanawake wa Tanganyika nyuma ya TANU, na Michael Kamaliza, aliyekuwa Waziri. Jaji Mkuu Philip Telford Georges, aliyetoka visiwa vya Karibiani, ndiye aliyeisikiliza. Washitakiwa walikuwa na mawakili, na mashahidi walihojiwa. Mwaka 1971 Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972. Mtu anaweza kuipinga hukumu ile, lakini ataipinga kwa kusoma maneno yaliyosemwa na pande zote mbili. Miaka mitatu tu inazitenga kesi hizi, na zote ni za nchi moja ya Muungano.

MAALIM SEIF NA NYARAKA ZA SIRI

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 ilileta mabadiliko. Haki za raia ziliandikwa, na katikati ya miaka ile ya 1980 mawakili wakarudi mahakamani. Kabla ya hapo, mwaka 1979, ilikuwa imeundwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania baada ya ile ya Afrika Mashariki kuvunjika. Sasa kesi ya Zanzibar iliweza kuvuka mipaka ya Zanzibar.

Mtu wa mwanzo mwenye jina kubwa kuyajaribu mambo haya mapya alikuwa mtu wa kwetu, Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe. Alikuwa mwalimu, kisha Waziri wa Elimu wa Zanzibar, na kuanzia 1984 hadi Januari 1988 alikuwa Waziri Kiongozi. Mwaka 1988 alifukuzwa CCM pamoja na wenzake. Mwezi Mei 1989 alikamatwa, akashitakiwa kwa kupatikana na nyaraka za siri za Serikali. Alikaa ndani mpaka Novemba 1991, kiasi cha miezi thelathini.

Wazee wetu hapa Pemba walilitafakari sana jambo lile. Mtu ambaye jana nyaraka zote zilipita mezani kwake, leo anashitakiwa kwa kuwa nazo. Kisheria yawezekana, kwani nyaraka ni za ofisi na si za mtu, na sisi tunaofanya kazi ofisini twalijua hilo vizuri. Lakini kumweka mtu rumande miaka miwili na nusu kabla ya kumtia hatiani ni jambo jingine.

WATU KUMI NA WANANE

Sasa tufike kwenye kiini. Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1992. Uchaguzi wa Oktoba 1995 ulikuwa wa karibu mno: Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, na Maalim Seif wa CUF akapewa asilimia 49.8. Pemba yote, majimbo 21, ilikwenda CUF. CUF haikuyakubali matokeo ya urais, wawakilishi wake wakasusia Baraza, na watu wakagawanyika mpaka misikitini, madukani na harusini. Nyinyi vijana hamkuyaona, lakini sisi tuliokuwa watoto tunakumbuka watu wa mtaa mmoja waliokuwa hawaamkiani.

Mwishoni mwa Novemba 1997, wakati wa uchaguzi mdogo wa jimbo la Mkunazini, Mji Mkongwe, viongozi na wanachama wa CUF walianza kukamatwa. Wengine walikamatwa mwaka uliofuata. Idadi ikafika kumi na wanane. Miongoni mwao walikuwa Machano Khamis Ali, ambaye jina lake ndilo lililobeba kesi, na Juma Duni Haji. Shitaka lilikuwa uhaini: kwamba walikula njama ya kuipindua Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Mimi wakati ule nilikuwa Kidato cha Pili hapa skulini. Usiku watu wakikusanyika kwenye redio kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na asubuhi habari huingia nasi darasani. Kulikuwa na watoto wa kila upande. Baadhi walisema, “Wamekamatwa, basi wana lao.” Wengine walisema, “Hawana lolote, wanaonewa.” Siku moja ubishi ulikaribia kuwa ugomvi. Mwalimu wetu wa Historia alikuja, hakumkemea mtu. Aliandika ubaoni maneno mawili, TUHUMA na HATIA, akatuuliza kuna umbali gani kati ya neno moja na jingine. Tukanyamaza. Akasema, “Umbali huo unaitwa mahakama. Nyinyi nyote mmeuruka.” Kisha akaendelea na somo la biashara ya misafara. Sikupata kusikia somo la sheria fupi kuliko lile, hata nilipofika Chuo Kikuu.

Kesi ilikwenda polepole. Iliahirishwa mara nyingi. Washitakiwa waliomba dhamana, wakanyimwa, kwa kuwa uhaini hauna dhamana. Shirika la Amnesty International liliwatangaza kuwa ni wafungwa wa dhamiri, yaani watu waliofungwa kwa sababu ya siasa zao na si kwa kosa la jinai. Serikali haikukubaliana na kauli hiyo.

Tarehe 9 Juni 1999 CCM na CUF walitia saini Muafaka, uliosimamiwa na Jumuiya ya Madola chini ya Katibu Mkuu wake, Chifu Emeka Anyaoku. Watu wengi walidhani rumande itafunguliwa siku ya pili yake. Haikufunguliwa. Mwaka mzima ukapita, na miezi mingine juu yake. Kwa familia za washitakiwa, kila tarehe ya kesi ilikuwa ni nauli, chakula cha kupeleka gerezani, na kurudi na tarehe nyingine. Hao waliokuwa Pemba walipaswa kuvuka bahari ndipo wakamwone mtu wao.

Uchaguzi mwingine ukafanyika tarehe 29 Oktoba 2000, ukavurugika, ukarudiwa katika majimbo 16 tarehe 5 Novemba. Tarehe 8 Novemba Mheshimiwa Amani Abeid Karume, mtoto wa Rais yule aliyeuawa mwaka 1972, akaapishwa. Siku ya pili, tarehe 9 Novemba 2000, upande wa mashitaka uliiondoa kesi, na wote kumi na wanane wakatoka. Waliokamatwa mwanzo walikuwa wamekaa ndani karibu miaka mitatu. Hawakutiwa hatiani, na wala hawakuachiwa kwa hukumu ya kuwa hawana hatia. Kesi iliondolewa tu.

MAHAKAMA YA RUFANI YASEMA

Lau mambo yangeishia hapo, kesi hii ingekuwa moja tu katika nyingi. Lakini kulikuwa na jambo lililokwishafika Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Mawakili wa utetezi walikuwa wameuliza swali ambalo halikuulizwa mwaka 1973: je, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inaweza kutendewa uhaini?

Baadaye mwezi huo huo wa Novemba, ingawa washitakiwa walikuwa wameshakwenda makwao, Mahakama ilitoa jibu. Ilisema kwamba uhaini ni kosa linalotendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili. Tangu Muungano wa 1964 dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Zanzibar ina Serikali, ina Baraza la Wawakilishi na ina Mahakama Kuu yake, lakini mamlaka ya dola kamili haiko kwake. Kwa hiyo haiwezekani kutenda uhaini dhidi ya Serikali ya Zanzibar.

Tazameni fundo lililofungwa hapo. Waliokuwa kizimbani walikuwa watu wa chama kilichokuwa kikidai Zanzibar iwe na mamlaka makubwa zaidi ndani ya Muungano. Waliowashitaki walikuwa Serikali ya Zanzibar, ambayo kwa kufungua shitaka lile ilikuwa ikisema, kwa vitendo, kwamba Zanzibar ni dola inayoweza kuhainiwa. Ili watu wale wapone, mawakili wao walilazimika kusema Zanzibar si dola. Na Mahakama ikakubali. Aliyeidai nchi aliokolewa kwa hoja ya kuwa nchi haipo, na aliyeihifadhi nchi kwa mashitaka akaambiwa hana nchi ya kuihifadhi kwa namna ile.

Nilipoisoma kesi hii nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, tuligawanyika sisi Wazanzibari tuliokuwa chumba kimoja cha kujisomea. Mmoja alisema hukumu ni nzuri, kwa kuwa hakuna tena mtu wa Visiwani atakayekabiliwa na kitanzi kwa kuikosoa Serikali yake. Mwingine alisema hukumu ni msiba, kwa kuwa kamba iliyowaokoa watu kumi na wanane imefungwa kwenye shingo ya watu milioni. Nilidhani mmoja wao lazima awe amekosea. Leo naona kila mmoja alishika upande wa jambo lile lile. Sheria ikitumiwa kama silaha ya siasa, hata inapopatikana haki, haki hiyo huja na gharama ambayo hakuna aliyeikusudia.

YALIYOFUATA

Kutoka kwa washitakiwa hakukuleta utulivu hapo hapo. Mwishoni mwa Januari 2001 maandamano ya CUF yalizimwa kwa risasi, Pemba na Unguja. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu watu 31 waliokufa. Zaidi ya watu 2,000 walivuka kwa vyombo wakakimbilia Shimoni, Kenya. Wapo wasomaji wa jarida hili waliovuka siku zile, na sina haja ya kuwasimulia wao. Muafaka wa pili ulitiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001.

Lile swali la Mahakama ya Rufani nalo halikulala. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema Bungeni kuwa Zanzibar si nchi, na Visiwani kukawaka maneno, safari hii CCM na CUF wakiwa upande mmoja. Mwezi Agosti 2010 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mabadiliko ya kumi ya Katiba ya Zanzibar, yakaandika kwamba Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Katiba ya Muungano nayo bado inasema Tanzania ni nchi moja. Mwanafunzi atakayezisoma Katiba hizo mbili siku moja atafahamu kwa nini swali lile halijamalizika.

Na mwaka huo huo wa 2010 lilitokea jambo ambalo mwaka 1998 hakuna mtu darasani mwetu angelisadiki. Baada ya Rais Karume na Maalim Seif kukutana Ikulu tarehe 5 Novemba 2009, kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4. Maalim Seif, mfungwa wa 1989, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Juma Duni Haji, mshitakiwa wa uhaini, akawa Waziri wa Afya katika Serikali ile ile iliyomshitaki kwa kutaka kuipindua. Faili zake za kazi zilipelekwa na watumishi wa umma kama mimi, tukimwita “Mheshimiwa”. Umoja ule ulivunjika baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 kufutwa, ukarudi mwishoni mwa 2020, na Maalim Seif akafariki tarehe 17 Februari 2021 akiwa tena Makamu wa Kwanza wa Rais.

TUNAJIFUNZA NINI

Wapo watakaosema tusiyafukue haya, kwani yanafufua chuki. Mimi naona kinyume chake. Chuki huishi vizuri zaidi pale ambapo kila nyumba ina historia yake ya siri. Nitataja mambo matatu.

La kwanza ni juu ya wakili. Mwaka 1973 washitakiwa 81 hawakuwa na mtu wa kusimama upande wao, na mpaka leo watu wanabishana juu ya nani alikuwa na hatia. Mwaka 2000 mawakili waliuliza swali moja tu la kisheria, na swali hilo likafika mpaka kwenye mzizi wa Muungano wenyewe. Msiwacheke wanaowatetea watu wenye tuhuma nzito. Wakili hamlindi mshitakiwa peke yake. Huilinda pia hukumu, ili kesho isitiliwe shaka.

La pili ni juu ya wakati. Sheria ya jinai ina adhabu zake zilizoandikwa, lakini ipo adhabu moja isiyoandikwa popote, nayo ni kungojea. Miaka mitatu ya rumande ni miaka mitatu ya maisha. Mtoto huzaliwa na kuanza kusema baba hayupo, mzee hufariki na mtoto wake hamziki. Kesi ikiondolewa, miaka haiondolewi pamoja nayo. Vijana mtakaokuwa askari, waendesha mashitaka au makarani wa mahakama, na najua watakuwapo, kumbukeni kwamba faili linalolala juu ya meza yenu lina mtu ndani yake. Hili nalisema kwa uzoefu wa meza yangu mwenyewe, ingawa mimi faili zangu ni za mambo madogo zaidi.

La tatu ni juu ya vyeo. Babu alifungwa na mkoloni, akawa Waziri, akahukumiwa kufa na serikali aliyoisaidia kuingia. Maalim Seif alikuwa Waziri Kiongozi, akawa mahabusu, akawa Makamu wa Rais. Kenyatta alitoka kifungoni akaingia Ikulu. Kizimba na kiti cha enzi havina umbali mkubwa, na mtu huvuka toka kimoja kwenda kingine kwa njia zote mbili. Mwenye madaraka akilijua hili, atajenga mahakama ambayo yeye mwenyewe angekubali kusimama mbele yake. Hicho ndicho kipimo ninachowapa, na kinafaa kwa chama chochote.

Mwisho nina ombi kwa wahitimu wenzangu. Maktaba ya skuli yetu ina vitabu vya vita vya Ulaya na vya Bismarck, lakini haina rafu moja ya historia ya Pemba baada ya 1964. Wengi wetu tuna magazeti ya zamani majumbani, yapo juu ya makabati na ndani ya masanduku, yanaliwa na mchwa. Yaleteni. Leteni ya rangi zote, ya Serikali na ya upinzani, ili mwanafunzi ayasome ubavu kwa ubavu. Na wale wenye kumbukumbu za miaka ile, andikeni kurasa mbili tatu zilizo wazi, mtenganishe mliyoyaona na mliyoyasikia. Mkutubi amekubali kutenga kabati moja. Mimi nimeshapeleka boksi langu la kwanza, na ninangojea lenu.